Regyuleta ya Mzee Pumzi

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati. Kaka aliiweka regyuleta mezani juu ya gazeti, akavua kofia ya plastiki inayoziba tundu lake, na mle ndani nikaona kijani.

Wengine walitazama vitu vikubwa. Wifi, mke wa kaka, alitazama mipira mirefu iliyojikunja ovyo kama matumbo ya kuku. Kaka alitazama chuma chenyewe, kile kichwa kizito kinachofungwa kwenye mtungi wa hewa ili mzamiaji aweze kuvuta pumzi chini ya maji, akawa anakisugua kwa kidole gumba. Mimi nilitazama kichujio, kiduara cha punje za chuma zilizoshikana, ambacho hewa yote hupitia kabla ya kufika mdomoni mwa mtu. Kikiwa kizima hung'aa kama bati jipya. Hiki kilikuwa na kijani upande mmoja, kama ukungu unavyoanza kwenye mkate.

Kaka akarudisha kofia. Mimi nikarudisha macho kwenye sahani yangu.

"Miaka kumi na minane," kaka akasema. "Imeshuka na Mzee Pumzi miaka kumi na minane, na kila siku imempandisha. Niambie kitu gani dukani kina sifa hiyo."

"Miaka kumi na minane mdomoni mwa mtu," wifi akasema, "ndiyo unaniwekea mezani ninapokula?"

"Kipande cha mdomoni kinabadilishwa. Ni mpira tu ule."

"Na mate yake?"

"Mate hayakai miaka kumi na minane, mke wangu."

"Ya Mzee Pumzi yanakaa. Yule akikusalimia unatafuta mwavuli."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka kidogo, kwa pua. Wifi alikuwa na mimba ya miezi sita na siku zile kila neno lake lilikuwa na ncha, lakini ncha hiyo alikuwa akiielekeza kwa watu wengine, kwangu hakuielekeza.

Kaka alikuwa ndiyo kwanza amefaulu mafunzo ya uzamiaji, na kampuni ninayofanyia kazi mimi ilikuwa imemchukua. Ni kampuni ndogo. Wazamiaji wake hushuka chini ya meli zilizosimama gatini, hukwangua magamba na majani yaliyoganda kwenye matumbo ya meli, au hukagua nguzo za gati. Mtungi, nguo ya mpira na mkanda wa uzito ni vya kampuni. Regyuleta kila mtu anakuja na yake. Msimamizi wetu husema hataki ugomvi wa nani kaharibu pumzi ya nani. Kaka alipewa wiki mbili aje na ya kwake.

Alikuwa na njia mbili. Dukani kulikuwa na mpya, inang'aa ndani ya boksi, ina dhamana ya mwaka mmoja, na bei yake ingemaliza akiba yote. Ile mpya iliyo nzuri zaidi hatukuitaja hata kwa mzaha. Na hiyo ya kuweza kununuliwa, Fundi anayetengeneza vifaa vyetu alikuwa ameshaikunjia uso: vipuri vyake havipatikani hapa, mpira mdogo tu ukichanika unaagiza na kungoja miezi mitatu. Ya Mzee Pumzi, mzamiaji wetu wa zamani aliyekuwa anaiuza, ilikuwa ya aina ngumu, vipuri vyake viko kwenye droo ya Fundi, na bei yake haikufika hata nusu.

"Mpya ni mpya," wifi akasema. "Hata ikikuangusha, angalau nitajua ni kosa la kiwanda."

"Hilo ndilo la kunifariji?"

"La kunifariji mimi. Wewe utakuwa huko chini, utafarijiwa na samaki."

"Ina kadi. Tazama." Kaka akafungua kadi ndogo ya manila. "Muhuri wa Fundi, miezi saba iliyopita. Inatakiwa mara moja kwa mwaka. Bado ina miezi mitano."

Wifi akaitazama kadi, akageuza nyuma, akarudisha.

"Na kuna jambo lingine," kaka akasema, akanigeukia. "Tukichukua ya Mzee, kinachobaki kinamtosha huyu kurudi darasani. Lile darasa la watu wazima la pale nyuma ya posta. Nimeshaulizia. Mwaka mmoja wanakusomesha madarasa mawili. Mdogo wangu, si uliishia la tano?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi. Mwaka mmoja, umemaliza la saba."

Niliacha shule mama alipolala kitandani, kwa sababu mmoja wetu ilibidi abaki nyumbani na kaka ndiye aliyekuwa mbele. Hatukuwahi kulizungumza kama deni. Sikujua kwamba miaka yote ile lilikuwa linamkaa rohoni. Chini ya meza mkono wangu mmoja ulikamata mwenzake ukaubana.

"Jumamosi naijaribu pale kwenye ngazi za gati," kaka akasema. "Ikinipa pumzi vizuri, namlipa Mzee siku hiyo hiyo."

Ilikuwa Jumatatu.

Kazi yangu ni kuosha. Ndani ya chumba cha kuoshea kuna mapipa matatu ya maji baridi, misumari ya kutundikia, feni moja na dirisha linaloangalia gati. Vifaa vinavyotoka baharini huingia pipa la kwanza kutoa chumvi, la pili, kisha la tatu. Ikifika saa tisa maji ya pipa la kwanza yenyewe yana chumvi ya kutosha kupikia. Kwa regyuleta kuna sharti moja kubwa kuliko yote: kabla haijagusa maji, unafuta kofia, unaikausha, unaifunga barabara kwenye tundu. Maji yakiingia tundu lile yanakaa ndani ya kichwa cha chuma mahali ambapo kitambaa hakifiki, na chumvi inaanza kula.

Fundi ndiye aliyenifundisha kusoma kichujio. Huja mara moja kwa mwezi, na siku moja akiwa anangoja chai alinionyesha. "Kikiwa chekundu, mtungi una kutu ndani. Cheusi, mashine ya kujazia inatema mafuta. Kijani, maji ya chumvi yameingia mlangoni." Nadhani alikuwa anajizungumzia mwenyewe tu, lakini mimi vitu vya namna hiyo havinitoki.

Kwa hiyo Jumatatu ile nilijua kijani ni nini. Nilijua pia kimetoka wapi.

Miezi minne nyuma, sikio la kushoto la Mzee Pumzi lilipasuka akiwa chini ya meli. Walimpandisha damu ikimchuruzika shingoni. Msimamizi anapiga kelele gari liletwe, wazamiaji wanavua vitu na kunirushia mlangoni, mvua inanyesha, na mimi nimesimama katikati ya regyuleta saba sijui nishike ipi. Nilizitumbukiza zote kwenye pipa la kwanza nikakimbilia dirishani kuangalia kama Mzee anaweza kutembea. Niliporudi kuzitoa, ya kwake ilikuwa na kofia inayoning'inia kwenye kamba yake. Sikuwa nimeifunga. Ilikuwa imekaa majini karibu nusu saa, na nilipoiinua, tundu lilitoa maji kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Nilichotakiwa kusema ni maneno matano: Mzee, hii yako imeingia maji. Fundi angeifungua wiki ile, angeisafisha, ningegombezwa, yakaisha. Lakini Mzee alikuwa hospitali, na Msimamizi alikuwa na uso ambao hata mtu mwenye mdomo angeukimbia, sembuse mimi. Niliitikisa, nikaipuliza, nikaifuta kwa nje, nikaifunga kofia, nikaitundika. Ile kofia ndiyo ikafungia maji ndani. Daktari akamkataza Mzee kuzama tena, na regyuleta ikakaa kabatini miezi yote ile bila mkono wa mtu.

Muhuri kwenye kadi ulikuwa wa kweli. Uligongwa miezi mitatu kabla ya siku ile ya mvua.

Jumatano Mzee Pumzi alikuja kuchukua vitu vyake vya mwisho kabatini. Alikuwa na pamba sikioni na alitembea kichwa kikiwa kimeinama kidogo, kama anayesikiliza sakafu.

"Shikamoo, Mzee."

"Shikamoo yako nimeiona midomoni tu, sijaisikia. Njoo upande huu, huko nimefunga duka."

Nikazunguka kulia kwake. "Shikamoo."

"Marahaba, binti. Umemwona kaka yako alivyoifurahia? Nimewaambia wenzangu, mimi naiuza nikilala usingizi. Fundi kaigonga muhuri, Kobe kaiosha. Nani mwingine anauza kitu cha namna hiyo?"

Kobe ni mimi. Wazamiaji waliniita hivyo kwa sababu nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja shingo yangu huingia mabegani.

"Na mimi siendi mbali," Mzee akaendelea. "Msimamizi ananipa kazi kuanzia mwezi ujao. Kukagua vifaa vya hawa vijana kabla hawajashuka. Sikio limekufa, macho yapo."

Nikapiga moyo konde. "Mzee," nikasema.

Akageuza sikio zima. "Enhe."

Hapo hapo akaingia mzamiaji mmoja tuliyemwita Mapezi, kwa ukubwa wa miguu yake. "Haa! Kobe anaongea! Leteni kamera, jamani, mwisho wa dunia!"

Shingo yangu ikaingia ndani. Mzee akanigonga begani na kuondoka na mfuko wake.

Alhamisi sikusema. Ijumaa asubuhi kaka alikuwa anapiga mswaki uani, nikasimama nyuma yake na ndoo.

"Kaka."

"Mmh."

"Ile ya dukani... hukuipenda kabisa?"

Akatema povu. "Wifi yako amekutuma?"

"Hapana."

"Amekutuma." Akacheka. "Mwambie mwanamke hatumi mjumbe asiyejua kudanganya. Wewe fikiria daftari zako. Unataka za mistari au za miraba?"

Nikasema za mistari. Nilijisikia nikisema hivyo, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyefurahi.

Jumamosi maji yalikuwa yametulia na rangi yake ya kijivu. Msimamizi alisimama juu ya ngazi za gati na daftari lake, Mzee Pumzi pembeni yake, Mapezi na wengine wawili wamekaa ukutani kumtazama mgeni. Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba cha kuoshea. Kaka aliifunga regyuleta kwenye mtungi, akafungua hewa. Ikalia fyuu, ikanyamaza. Akaweka mdomoni, akavuta mara tatu, akatoa.

"Tamu," akasema. "Kama navuta hewa ya dirishani."

"Si nilikwambia?" Mzee Pumzi akasema, akawageukia wenzake. "Si nilimwambia?"

Nilipoona inavuta vizuri, moyo wangu ulitulia kabisa, na kutulia huko ndiko kulikonitisha. Juu ya ardhi hata kitu kibovu kinavuta vizuri. Chini, chini ya meli, mtu anapofanya kazi na kuhema kwa nguvu, ndipo kichujio kilichoziba kinaanza kumpunja. Fundi alishasema hivyo siku ile ile ya chai.

Kaka alishuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya nne. Maji yakamfika magotini, kiunoni. Akavaa miwani. Yalipomfika kifuani akainua kidole kuonyesha yuko tayari, akainamisha kichwa.

"Kaka, toka!"

Sikuijua sauti ile. Hata Msimamizi aliangalia nyuma yangu kutafuta aliyesema.

"Toka! Kichujio kina kijani!"

Kaka alipanda akiwa amekunja uso. Msimamizi aliichukua regyuleta, akaifungua kwenye mtungi, akawasha tochi ya simu na kuchungulia. Alichungulia muda mrefu. Kisha akamwonyesha Mapezi, na Mapezi akapiga mluzi.

"Mzee," Msimamizi akasema. "Njoo uone ulichomletea kijana."

Mzee Pumzi aliinama. "Haiwezekani. Hii haijaguswa na maji tangu... Mimi kofia sisahau."

"Basi imejipaka rangi yenyewe."

"Mimi kofia sisahau," akarudia, safari hii kwa sauti ndogo. Akawa anatazama mikono yake. "Labda siku ile ya sikio. Sikumbuki vizuri siku ile. Labda nilisahau."

"Na wewe ndiye nikupe kukagua vifaa vya watu?"

Mzee hakunitazama mimi hata mara moja. Mtu anapotafuta kosa, huwa hatafuti mahali anapopaamini. Niliona jinsi lile neno labda lilivyomwingia, kwanza kama mzaha, halafu likakaa. Nami nilisimama pale mlangoni na kitambaa mkononi. Mapezi akaja kunipa mkono. "Kobe katoa kichwa! Umemwokoa kaka yako, dada."

Nilipokea ule mkono.

Fundi alipokuja aliifungua mezani mbele ya watu. Ndani kulikuwa na chumvi nyeupe na kijani, na springi imeanza kulika. "Pengine isingemuua," akasema. "Ingemtesa. Angehema kama mtu anayevuta uji kwa mrija, na akihema hivyo chini ya meli anaingiwa na hofu, na hofu ndiyo inayoua." Akasema inasafishika, akibadilisha vitu vitatu itakuwa kama zamani. Kaka akasema hapana, asante. Akanunua ile mpya ya dukani, vipuri au bila vipuri. Wifi alinikumbatia na tumbo lake lote, akaniambia mtoto akiwa wa kike atachukua jina langu. Darasa hakulitaja mtu tena, kwa kuwa hapakuwa na cha kulilipia, nami nikajiambia hiyo ndiyo adhabu yangu, nimeshatumikia, basi.

Lakini haikuwa basi. Kazini likazuka neno. Mtu akikupa kitu kibovu, wanasema amekupa cha Pumzi. Glavu iliyotoboka ni ya Pumzi. Chai iliyopoa ni ya Pumzi. Kaka naye alisema, nikamsikia. Kazi ya kukagua vifaa akapewa mtu mwingine.

Wiki sita baadaye nilikutana na mke wa Mzee dukani, ananunua mkate. Nikamwuliza hali ya mzee.

"Mzee yupo hayupo," akasema. "Akifunga mlango anarudi kuutikisa mara tatu. Akizima jiko ananiita nije nishuhudie. Jana kaniambia, mama, kichwa changu kimeanza kuoza, wewe ndiye utakuwa unakumbuka kwa ajili yetu wawili. Mtu aliyekuwa ananikumbusha mimi siku zangu za kliniki! Sikio halikumvunja hivi. Ni ile regyuleta."

Niliacha nilichofuata dukani. Nilitoka nikiwa mkono mtupu.

Jumapili nilikwenda kwao baada ya chakula cha mchana. Wanakaa chumba na sebule kwenye nyumba ndefu ya wapangaji, kuta zake ni mbao na kadibodi. Mzee alikuwa kwenye kochi, mke wake anakunja nguo chumbani. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa kushoto kwake, nami nikaikalia bila kufikiri, nikainamisha kichwa, nikasema yale niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Niliyasema yote. Nilipomaliza machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

Mzee akageuka. "Ulikuwa unasema? Nimeona mabega yanatikisika. Umefiwa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikahamia kulia kwake.

"Ni mimi, Mzee. Kofia."

"Kofia gani? Sema kwa nguvu, na hili nalo linaanza kuchoka."

"Kofia ya regyuleta!"

"Ndiyo, nilisahau. Nimeshasema nilisahau."

"Hukusahau! Ni mimi! Mimi ndiye niliyeiosha bila kufunga kofia! Siku ile ya sikio! Nikaficha!"

Niliipigia kelele sebule nzima. Chumbani nguo zilinyamaza. Upande wa pili wa kadibodi redio ya jirani ilipunguzwa sauti, na mwanamke akasema, "Mh! Makubwa."

Mzee alinitazama macho yangu yote mawili, moja baada ya lingine.

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau, Mzee."

"Nilikupa imefungwa?"

"Ulikuwa umebebwa. Hukunipa. Walinirushia. Kufunga kulikuwa kazi yangu."

Akajiegemeza nyuma. Akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, kisha akafunika uso kwa mikono ile ile aliyokuwa anaitilia shaka, na mke wake akatoka chumbani akiwa na shati la kukunja akasimama. Nilidhani analia. Alipoondoa mikono nikaona ni hasira.

"Wiki sita," akasema. "Wiki sita natikisa mlango wangu mwenyewe kama mwizi. Unajua mtu anavyojisikia asipoamini mikono yake?"

"Nisamehe, Mzee."

"Msamaha subiri. Kwanza nenda pale pale waliponicheka. Useme kwa sauti hii hii uliyoniumizia sikio langu la mwisho."

Jumatatu nilisema. Walikuwa wanavaa. Mapezi alikuwa ameshika miwani iliyopasuka mkanda, anasema, "Nani kanipa hii ya Pumzi?" na nikatoa mikono kwenye pipa nikasema. Sikusema vizuri. Nilianzia mwisho, nikarudi mwanzo, nikataja mvua mara tatu. Lakini kofia niliitaja, na kuficha nilikutaja, na jina la Mzee nikalitaja kwa heshima yake. Hakuna aliyecheka. Mapezi alishusha ile miwani akaitazama kama ndiyo inayozungumza. Msimamizi aliniuliza swali moja tu: ziko ngapi nyingine? Nikasema hakuna. Akasema tangu siku hiyo nitaosha nguo za mpira na mitungi, regyuleta nisiguse, na kwamba atakwenda kwa Mzee yeye mwenyewe jioni. Alikwenda. Mzee anakagua vifaa sasa, kila asubuhi, na kila asubuhi anafungua kofia za wote na kuchungulia kwa tochi. Regyuleta yake Fundi aliisafisha. Hajaiuza. Msamaha bado hajanipa, ila shikamoo anaitikia.

Siku ile nilipokiri tulirudi nyumbani kwa miguu mimi na kaka. Kwenye kona ya posta akasimama.

"Ulikiona lini kile kijani?"

"Jumatatu. Mezani."

"Jumatatu," akasema. "Na ukaniacha mpaka maji yakanifika kifuani."

"Niliogopa, kaka. Niliogopa kufukuzwa."

Akanivuta kwa bega kama tulivyokuwa tukivutana utotoni. "Basi. Najua unavyoogopa watu. Basi, yamekwisha." Alinisamehe haraka hivyo, kwa sababu sababu ile ilifanana na mimi. Wifi alipoisikia aliipokea. Hata Mzee Pumzi aliikubali.

Niliogopa, ni kweli, lakini si hilo lililonifunga mdomo zile siku tano. Lililobaki sijapata kulisema kwa sauti mbele ya mtu, na sasa nalisema. Kaka, nilikuwa nahesabu. Nilijiambia chuma kile ni kigumu, kitavumilia mwaka kabla hakijaanza kukusumbua, na mwaka mmoja ulikuwa unanitosha. Niliweka pumzi yako upande mmoja, upande mwingine nikaweka daftari za mistari, na kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi daftari ndizo zilizokuwa nzito.